Sarufi, Ufahamu na Somo la Rabai

Mwanafunzi anayejifunza lugha isiyo ya nyumbani kwao hupewa mazoezi ya namna mbili. La kwanza ni zoezi la sarufi: ajaze pengo, ageuze kitenzi kiwe cha wakati uliopita, abadili umoja uwe wingi. La pili ni zoezi la ufahamu: asome habari fupi, kisha ajibu maswali kuonyesha kwamba ameelewa aliyoyasoma. Kijana wa sekondari mjini Kilifi hufanya mazoezi hayo kwa Kiingereza. Kijana wa rika lake huko Uchina hufanya mazoezi yale yale kwa lugha ile ile; maana tangu mwaka 2001 serikali ya nchi hiyo iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa darasa la tatu, nacho ni miongoni mwa masomo makuu matatu ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Vijana hao wawili hawajuani, lakini wameinamia kazi moja.

Huenda wewe, msomaji, umewahi kujiuliza mazoezi hayo yana faida gani ukiondoa alama za mtihani. Swali lako ni la haki, na jibu lake halihitaji kutafutwa ng'ambo ya bahari. Katika Kaunti ya Kilifi, juu ya vilima vya Rabai vilivyo nyuma ya Mombasa, watu wazima walikaa miaka mingi wakifanya mazoezi ya sarufi na ufahamu bila darasa wala kitabu cha mazoezi. Wao walikuwa Wazungu, na lugha walizokuwa wakijifunza zilikuwa zetu. Tukiangalia jinsi walivyofaulu, na mahali walipokosea, tutapata mafundisho yatakayomfaa kila asomaye lugha ya wenzake, awe Mgiriama au Mchina.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi kwa kazi ya misioni, na huko akajifunza Kiamhari na Kioromo. Kazi yake huko ilipozuiwa aligeukia pwani yetu. Alifika Unguja Januari 1844, akapokewa vema na Seyyid Said, na mwezi Mei akahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Zingatia tarehe hiyo, kwa kuwa alikuwa hajatimiza nusu mwaka tangu akanyage pwani. Kisha homa iliingia nyumbani mwake. Mwezi Julai mkewe Rosine alikufa, na mtoto wao mchanga akamfuata mama yake kaburini. Krapf mwenyewe aliugua sana. Alipopata nafuu alirudia maneno na sentensi zake.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, alimsaidia katika tafsiri. Fikiri juu ya jambo hilo: padri na kadhi, watu wa dini mbili zilizoshindana, wanashughulika na sentensi moja. Krapf alikuwa amesoma Kiarabu. Kadhi alijua Kiarabu na Kiswahili. Basi lugha ya tatu ikawa daraja baina yao. Hilo ni zoezi la ufahamu katika asili yake. Mtu ana habari mbele yake, anajiuliza imesema nini, kisha anaitoa kwa maneno mengine mbele ya msikilizaji awezaye kumwambia, "Hapana, hivyo sivyo tusemavyo." Maswali yaliyo chini ya habari katika kitabu chako yamewekwa badala ya msikilizaji huyo.

Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, na mwezi Agosti wote wawili wakahamia Rabai baada ya kupata kibali cha wazee wa huko. Sasa walikuwa na lugha mbili za kushika pamoja: Kiswahili cha Mombasa na lugha ya wenyeji wa vilimani. Waliwaita wenyeji hao Wanyika, yaani watu wa nyikani, kama walivyoitwa na watu wa mjini. Jina hilo halikuwa la heshima, na katika karne ya ishirini wenyewe walijichagulia jina la Mijikenda, maana yake miji tisa. Mwaka 1848 kitabu cha kuanzia kusoma katika lugha hiyo kilichapishwa Bombay. Mwaka 1850 kilichapishwa Tübingen kitabu cha Krapf kinachoeleza misingi ya sarufi ya Kiswahili, ambamo Kiswahili kililinganishwa na lugha ya Rabai. Miaka 20 baadaye, mwaka 1870, Edward Steere wa Unguja naye alitoa kitabu chake kilichotumiwa sana.

Yafaa tuulize, sarufi ile ilitoka wapi? Haikutoka kichwani mwa Krapf. Mtoto wa Rabai asiyejua hata herufi moja hawezi kukosea upatanisho wa lugha yake, wala mtoto wa Mombasa hasemi "kiti mkubwa" au "miti vimeanguka". Kanuni ilikuwamo vinywani mwa watu kabla ya kuingia kitabuni. Alichofanya mgeni ni kusikiliza sentensi moja baada ya nyingine, mpaka akatambua kwamba neno la kwanza huwatawala wenzake, na kwamba alama ya utawala huo huwekwa mbele ya neno, si nyuma kama alivyozoea katika lugha za Ulaya. Mwanafunzi anayekariri kanuni bila kusikia wala kusoma sentensi nyingi amegeuza mambo nyuma mbele. Ameshika kamba, lakini hana mbuzi.

Sasa tuje kwenye ufahamu. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann alikuwa safarini kwenda Uchagga, pamoja na watu aliotoka nao pwani. Asubuhi hiyo aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu, kama wingu ling'aalo. Alimwuliza kiongozi wake wa njia kile kilikuwa nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu hicho. Alijibu neno moja tu: baridi. Rebmann aliyekulia katika nchi ya majira ya baridi alifahamu mara moja kwamba ile ni theluji. Tazama jinsi neno moja dogo lilivyobeba habari kubwa. Kiongozi hakusema uongo wala hakukosea. Alitaja sifa ya kitu badala ya jina lake. Lau Rebmann angalishika maana ya kwanza ya neno na kuishia hapo, angaliandika kwamba mahali pale pana upepo wa baridi. Badala yake aliliweka neno pamoja na yale aliyoyaona, na maana ikatimia.

Habari hiyo ilipofika Ulaya baadhi ya wataalamu waliikataa. Aliyeipinga kwa ukali zaidi alikuwa William Desborough Cooley wa London, mtu aliyesoma vitabu vingi juu ya Afrika na kuyachambua maneno ya lugha zetu, lakini hakupata kufika Afrika hata siku moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliendelea kushikilia kwamba theluji ile haikuwako. Miaka kumi haikupita sana ila safari za Baron von der Decken, za mwaka 1861 na 1862, zikathibitisha maneno ya Rebmann. Cooley hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kuihukumu habari kwa kadiri ya yale aliyoyajua tangu zamani, na kumdharau shahidi aliyekuwapo. Wapo wanafunzi wengi wanaojibu maswali ya ufahamu kwa njia hiyo: hawajibu yaliyoandikwa, wanajibu waliyoyatazamia.

Pwani yetu ina mfano wa zamani zaidi wa jambo hili, nao unatuunganisha na Uchina. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga. Wachina hawakuwa na mnyama huyo nchini kwao, na wakamwita qilin, jina la mnyama wa hadithi ambaye, kwa imani yao, huonekana wakati nchi inapotawaliwa na mfalme mwema. Ndivyo twiga wa nyika zetu alivyosomwa kwa kamusi ya watu wengine, akawa dalili ya baraka za mfalme. Walijua thamani ya lugha za kigeni, maana tangu mwaka 1407 walikuwa na ofisi ya kufundisha wakalimani lugha kadha za majirani zao, na katika merikebu za Zheng He alikuwamo mkalimani Mwislamu, Ma Huan, aliyeandika habari za nchi walizozitembelea. Lakini lugha ya watu wa Malindi haikuwamo katika mafundisho ya ofisi ile. Penye upungufu wa maneno, jina la zamani huvishwa kitu kipya, na macho huona kile ambacho jina limeahidi.

Baadaye Wachina walipata haja kubwa ya kujua Kiingereza. Baada ya kushindwa vitani na Waingereza na Wafaransa, mwaka 1862 walifungua Beijing shule ya wakalimani iliyoitwa Tongwen Guan, na Kiingereza kikawa somo lake la kwanza. Mwaka 1898 msomi wao Ma Jianzhong, aliyesoma Ufaransa, alianza kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kichina kilichofuata mpango wa sarufi za Ulaya. Kilikuwa cha kwanza cha namna hiyo kutungwa na Mchina mwenyewe. Wengi walikisifu, na wengine walilalamika kwamba alikipima Kichina kwa kibaba cha Kilatini. Lalamiko hilo lina mafundisho kwetu pia, kwa kuwa kila lugha ina kibaba chake.

Hebu tulinganishe kidogo. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa ajili ya wakati. Ni kana kwamba mtu angesema, "Jana mimi kwenda sokoni, leo mimi kwenda sokoni, kesho mimi kwenda sokoni," na wakati ukajulikana kwa neno la jana au kesho, au kwa kijineno kidogo kinachoongezwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kichina husumbuka sana na nyakati za Kiingereza. Wewe hukusumbuka kiasi hicho, kwa sababu umezoea kutenganisha nilikwenda, ninakwenda na nitakwenda. Kazi yako ni kujua tu kwamba Kiingereza huficha alama hiyo mwishoni mwa kitenzi, au hubadili kitenzi chote. Tena katika Kichina maelezo yote ya mtu hutangulia kabla ya kutajwa mtu mwenyewe, hali Kiingereza humtaja mtu kwanza na kumweleza baadaye. Nasi husema "mtu aliyekuja jana", tukimtanguliza mtu. Hapo tena njia yako ni fupi kuliko ya mwenzako.

Lakini yako magumu mnayoshirikiana. Kiswahili chasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Kichina nacho hutumia sauti moja kwa wote wawili, ijapokuwa tangu karne ya ishirini huziandika kwa alama mbalimbali. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kilifi na mwanafunzi wa Uchina huteleza mahali pamoja, wakimwita mama kwa neno la Kiingereza limfaalo baba. Wote wawili pia hawana katika lugha zao vile vijineno viwili ambavyo Kiingereza hutanguliza mbele ya jina kuonyesha kama kitu kimekwisha kutajwa au ndiyo kwanza kinatajwa. Na hapo utaona kwamba sarufi na ufahamu ni kitu kimoja: asiyeona kijineno hicho hawezi kujua kama mtu anayesimuliwa katika fungu la pili ni yule wa fungu la kwanza, au ni mwingine kabisa.

Iko pia hazina ambayo wewe na Mchina mwaweza kuoneana fahari. Mchina hawezi kuhesabu vitu bila kutia, kati ya hesabu na jina, neno linaloonyesha aina ya kitu: neno moja kwa vitu vipana kama karatasi na meza, jingine kwa vitu virefu kama mto na samaki. Hizo si ngeli zetu, lakini ni jamaa zake kwa mawazo. Mtu anayedhani kwamba lugha yenye mpango tofauti na Kiingereza haina mpango, hajasoma sarufi bado.

Tukirudi Rabai, haki yataka tuseme na hasara. Kabla ya Krapf kufika, Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mombasa, alikuwa amefariki miaka michache tu kabla ya mwaka 1844. Krapf alizitambua kazi za namna hiyo, akapeleka miswada Ujerumani. Hata hivyo alichagua herufi za Kirumi, kwa sababu aliona zile za Kiarabu hazitoshi sauti zote za lugha, na kwa sababu hakutaka Uislamu upate njia kupitia maandishi. Sababu ya kwanza ilikuwa ya mwanasarufi. Ya pili ilikuwa ya mshindani. Uchaguzi huo ulipofuatwa na wengine, na hatimaye na serikali za kikoloni, wazee waliokuwa wasomi kwa herufi za zamani walianza kuhesabiwa kama watu wasiojua kusoma. Basi usidhani kwamba sarufi na herufi ni mambo ya darasani tu. Ziliamua nani ataitwa msomi na nani ataitwa mjinga.

Tena tukumbuke walimu. Rebmann alikaa kwetu mpaka mwaka 1875, karibu miaka 29, na macho yake yakapofuka kabla hajaondoka. Miongoni mwa kazi zake ni kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, iliyochapishwa mwaka 1877 baada ya kufa kwake. Alijifunza lugha hiyo kwa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa katika nchi hiyo na kuletwa Mombasa. Tafakari hali ya mtu huyo: ameondolewa kwao kwa nguvu, hana mali wala uhuru, lakini anabeba kichwani lugha nzima, na msomi wa Ulaya anakaa mbele yake kama mwanafunzi. Jina la Rebmann liko juu ya kitabu, bali maneno yaliyomo ni ya Salimini.

Wapo na wengine ambao mambo yao yalikuwa kinyume cha haya. Waafrika waliookolewa wakiwa watoto katika majahazi ya watumwa walipelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik. Baadhi yao, kama William Jones na Ishmael Semler, walirudishwa pwani yetu mwaka 1864 kusaidia kazi ya misioni. Walikuja na Kiingereza kilichofunzwa vizuri. Walifundisha, walihubiri, na mwaka 1885 wote wawili walipewa daraja la ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya kwenda Uganda; askofu aliuawa, na Jones akawarudisha pwani wapagazi waliosalia. Hata hivyo watu hao wa Nasik walilipwa mshahara mdogo kuliko Wazungu waliofanya nao kazi. Kiingereza kiliwafungulia mlango, lakini hakikuwaketisha kiti kimoja na wenye nyumba. Na utotoni mwao walikuwa wamenyang'anywa kitu ambacho shule haiwezi kukirudisha, yaani malezi katika lugha ya mama zao.

Basi, msomaji, utakapofungua tena kitabu chako cha Kiingereza, fanya kama walivyofanya waliofaulu Rabai. Soma habari yote kwanza kabla ya kutazama maswali, kama msafiri atazamavyo mlima mzima kabla ya kuuliza jina la kilele chake. Katika sentensi ndefu mtafute mtenda na kitendo chake, kisha uone maneno mengine yanamfuata nani. Ukikuta neno usilolijua, liache lisemwe na majirani zake. Likikataa, uliza, maana kuuliza si ujinga. Ukikuta neno unalolijua, lipeleleze vilevile, lisije likawa baridi ambayo ni theluji, au qilin ambaye ni twiga. Na unapojibu, jibu yaliyoandikwa, usije ukawa Cooley wa darasani.

Neno la mwisho ni juu ya lugha ya nyumbani kwenu. Kama ni Kigiriama, Kichonyi, Kirabai au Kikauma, bibi yako ana maneno ambayo huenda hayajaingia katika kamusi yoyote: ya mnazi na sehemu zake, ya mvua na majira yake, ya dawa na ya miiko ya kaya. Wageni walivuka bahari, wakazika wake na watoto, ili wakae miguuni pa watu kama yeye na kuandika. Wewe huna bahari ya kuvuka. Chukua daftari, mwamkie kwa adabu, umwulize jina la kitu kimoja, kisha umwombe akitumie katika sentensi.